Vichwa vya Habari Kutoka Mvunguni

Jumatatu, 4 Machi

Mauzo ya asubuhi: nakala tatu. Wasomaji: sitini na ushee. Wote bure.

Niliandike hili wazi. Kuna watu wanaonunua magazeti, na kuna watu wanaosimama mbele ya meza yangu, mikono nyuma, shingo mbele, wakasoma vichwa vyote kutoka kushoto kwenda kulia, wakabishana, wakaamua mambo ya nchi nzima, kisha wakaenda zao. Hawa nawaita Kamati. Mwenyekiti wao ni Mwalimu Mstaafu. Miaka saba anasoma meza yangu kila siku ya Mungu na hajawahi kugusa hata nakala moja. Leo amenilalamikia kwamba vichwa vya siku hizi havina uzito. Nikamwambia uzito uko ndani. Akasema ndani ni kwa watu wasioelewa haraka.

Saa tano akaja Wakala, anayetuletea magazeti alfajiri na kuyafuata yaliyobaki. Mzigo wangu ni nakala hamsini kwa siku. Akautazama ulivyolala mezani, karibu mzima kama alivyouleta. Akasema ananipa mpaka Jumamosi. Nisipoanza kumaliza walau nusu ya mzigo, kona hii anampa mtu mwingine. Kona! Mbele ya duka la dawa! Miaka kumi na tisa nimesimama hapa, jua langu, mvua yangu. Nikamuuliza mtu gani huyo. Macho yake yalikwenda meza ya jirani.

Meza ya jirani ni ya shemeji, kaka wa mke wangu. Anauza makufuli, betri na vibanio vya nguo. Mimi ndiye niliyemkaribisha pale, kwa mdomo wangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa anapangusa kufuli kwa kitambaa, mtulivu kabisa. Dalili mbaya.

Jioni nimepata wazo. Chini ya kitanda nina sanduku la bati. Humo mna nakala moja moja ya kila gazeti lililowahi kuwa na kichwa cha kunisisimua. Kichwa tu, ndani sijawahi kuingia. Kanuni ya kwanza ya kazi yetu: gazeti likishafunguliwa halirudii mkunjo wake, na gazeti lisilo na mkunjo hakuna anayelinunua. Miaka kumi na tisa sijafungua gazeti hata moja. Najivunia.

Wazo lenyewe: nitundike kichwa kizito cha zamani, tarehe niifiche kwa kibanio. Kamati wasome, wawake, watake habari kamili, wanunue la leo. Habari hawataikuta, lakini watakuwa wameshanunua. Nimeuchunguza mpango huu kila upande. Hauna tundu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama. Kiuno kimegoma kurudi.

Jumanne, 5 Machi

Nimetundika MAJI KUKATWA SIKU TANO. Lina umri wa miaka kumi na moja. Karatasi imeingia rangi kidogo, kwa hiyo nimeliweka kivulini.

Kamati walifika saa mbili kasoro. Wakasoma. Nikashika rundo la leo, tayari kuhudumia. Wakageuka wote kwa pamoja wakaondoka, na Mwalimu Mstaafu, mtu wa kutembelea fimbo, alikuwa mbele. Hakuna aliyenunua. Walikwenda kukinga maji.

Kufikia saa sita mtaa mzima ulikuwa umefungua mabomba. Ndoo, madumu, masufuria, mabeseni. Mwenye saluni alikinga kwenye viatu vyake vya mvua. Saa saba maji yakawa membamba kama uzi. Saa nane yakakatika. Kweli kabisa, yamekatika!

Kamati wakarudi kunipa mkono. Mwalimu Mstaafu akatangaza kwamba redio zote zilinyamaza, meza yangu peke yake ndiyo iliyosema kweli. Nikawauliza kama wangependa kununua nakala. Wakasema asante, wameshasoma.

Shemeji alitokea na ndoo ishirini, sijui alizitoa wapi. Zimekwisha zote kabla ya saa tisa.

Nyumbani mke wangu aliniuliza, kwa ule upole wake unaotisha, ilikuwaje mtu aliyetangazia mji mzima habari ya maji hakukinga hata kikombe nyumbani kwake. Mganga hajigangi. Nimenawa uso kwa kitambaa kikavu.

Jumatano, 6 Machi

Karani wa Maji ni mwanakamati wa siku nyingi. Leo amekuja na uso wa mtu aliyefanya kazi, jambo ambalo lilinishtua kabla hajasema neno. Akasimulia. Jana mchana simu za malalamiko zilimiminika ofisini kwao. Mkuu wake akauliza nani aliyeamuru maji yakatwe. Karani akamwambia limo gazetini, ameliona kwa macho yake mawili. Mkuu hapendi kuonekana hajui yanayotoka ofisini mwake. Akasema naam, bila shaka, akaketi kuandika tangazo rasmi la kuthibitisha. Siku tano, kama gazeti lilivyosema. Litatoka kesho. Maji yalikuwa yameshaanza kurudi yenyewe, ikabidi mafundi watumwe kwenda kuyafunga.

Nimetafakari sana uwezo wa taaluma yetu. Kisha nimeuza nakala nne.

Mchana nimehamia suala la shemeji. Nimetundika MAKUFULI BANDIA YAZAGAA MJINI, miaka kumi na minne, kwa upande unaotazama meza yake, ili mteja asome kabla hajamfikia. Sina kinyongo naye. Habari ni habari.

Nilichosahau ni kwamba kila anayesoma ana kufuli lake nyumbani. Walikwenda kuyajaribu. Kufuli lolote ukilivuta kwa wasiwasi hutikisika. Wakarudi mbio kununua mapya. Wapi? Kwa shemeji, hatua mbili kutoka kwenye habari yenyewe. Alichofanya ni kuandika HALISI kwenye kipande cha boksi. Foleni yake ikaziba meza yangu nisionekane kabisa. Kufikia saa kumi alikuwa hana kufuli hata la dawa. Akaja kunishukuru kwa ujirani mwema, shemeji yangu, Mungu akuzidishie.

Mke wangu naye alikuwa kwenye foleni ile. Amebadilisha kufuli la mlangoni, kisha akaenda na ufunguo mtaa wa pili kutafuta maji. Nimekaa kwenye ngazi ya nyumba yangu mwenyewe mpaka jua likazama. Jirani akapita akaniuliza kama nimefukuzwa. Nikamwambia napunga upepo.

Alhamisi, 7 Machi

Nimegundua kosa langu. Vichwa vya juzi na jana vilijitosheleza. Mtu akishasoma maji yanakatwa, ndani atafuata nini? Kinachotakiwa ni kichwa kisicho na maana bila kurasa zake.

Sanduku limenijibu: WASHINDI WA CHEREHANI WATAJWA: TAZAMA UK. 8. Miaka tisa. Nalikumbuka shindano lile, lilikuwa na kelele. Nimetundika saa moja asubuhi, kibanio juu ya tarehe.

Hakuna aliyeuliza shindano lilichezwa lini wala lilichezwaje. Binadamu akisikia washindi, anajihisi yumo. Mwenye saluni akanunua. Karani akanunua. Mwalimu Mstaafu akapanda, akashuka, akakohoa, akanunua! Alilishika gazeti kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu. Saa tatu mzigo wote umekwisha. Hamsini! Haijatokea tangu enzi.

Nikafunga meza upesi nikajibanza ndani ya duka la dawa, kwa tahadhari. Barabara nzima watu wamekunjua magazeti. Ukurasa wa 8 wa leo wote ni lile tangazo la Idara ya Maji, mhuri, sahihi na kila kitu. Nikajua sasa nimekwisha. Nikaanza kumuuliza mwenye duka kama ana mlango wa nyuma.

Lakini Mwalimu Mstaafu alipanda ngazi za duka la dawa akafafanua. Akaonyesha juu ya tangazo palipoandikwa Kumb. Na. 417. Akasema maneno mengine ni ya kupoteza wavivu, hiyo ndiyo namba ya ushindi. Kila mtu akatazama nakala yake. Kila mtu alikuwa nayo! Washindi hamsini, mtaa mmoja. Walikumbatiana. Karani wa Maji, ambaye tangazo lile alilipiga chapa yeye mwenyewe, na namba ile aliiweka yeye mwenyewe, alikumbatiana nao.

Jioni mke wangu aliniuliza kama kweli kuna habari ya cherehani. Yeye hushona nguo za watu kwa mkono, sindano na uzi, na vidole vyake vimekuwa vigumu kwa ajili hiyo. Nikamwambia mambo ya gazetini ni mengi. Akarudi kwenye pindo lake.

Ijumaa, 8 Machi

Washindi walikwenda kwa Wakala kudai cherehani zao. Wakala hafungui magazeti, yeye huhesabu mafurushi. Akawaambia warudi kesho saa nne, wakutane hapa konani kwangu, naye atakuwa ameuliza makao makuu.

Leo nimemaliza tena mzigo, kwa sababu Kamati walitaka kujua cherehani zitagawiwa lini. Hawakukuta. Wakasema itakuwa ya kesho. Siku mbili, nakala mia moja. Wakala alisema nusu. Kona imepona!

Nimemweleza shemeji, kwa heshima zote, kwamba biashara yangu ikikua hivi itabidi asogeze meza yake upande wa mtaro, wateja wangu wapate pa kukanyaga. Akasema sawa shemeji, wewe ndiye mwenyeji. Nilitegemea abishe. Imenipunguzia raha.

Kuhusu kesho sina wasiwasi. Wakala atasema hakuna shindano, watu watanung'unika, jua litachwea. Nani atakayetaka kufungua gazeti lililotundikwa?

Jumamosi, 9 Machi

Wakala alifika saa nne kamili. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye mtaro, kila mmoja na ukurasa wake wa nane mkononi. Mwenye saluni alikuja na mkokoteni wa kubebea cherehani.

Wakala akasema makao makuu hawana shindano lolote. Watu wakamwonyesha kichwa cha habari kinachoning'inia. Akakitazama. Akaomba ashushiwe. Nikamweleza kanuni ya mkunjo. Akaomba mara ya pili, bila tabasamu. Nikasema litaharibika. Akalishusha mwenyewe, akatoa kibanio, akasoma tarehe kwa sauti.

Miaka tisa! Mwalimu Mstaafu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema yeye tangu mwanzo alishuku rangi ya karatasi. Karani akaanza kupiga hesabu za maji kimoyomoyo, niliona midomo yake. Akaondoka bila kuaga.

Ingeishia hapo ningejitetea. Nilikuwa na maneno tayari, kuhusu maonyesho ya historia. Lakini Wakala, kwa kuwa alishalifungua, akaona aendelee. Akaenda ukurasa wa 8. Akasoma majina, moja, mbili, tatu. Watu wakaanza kutawanyika. Alipofika la tisa akasita, akanitazama, akarudia taratibu. Cherehani ya tisa: muuzaji wa magazeti wa kona ya duka la dawa, kwa kuuza nakala nyingi kuliko wauzaji wote wa mji. Anaombwa afike ofisini na kitambulisho chake kabla ya mwisho wa mwezi.

Nikiri kwamba kwanza nilijisikia fahari. Wote wa mji!

Wakala akasema anaikumbuka cherehani ile. Nyeusi, ya miguu. Ilikaa stoo kwake mwaka mzima ikimsubiri mwenyewe, naye Wakala hakujua ni nani. Kila muuzaji aliyepita aliiona, na alidhani nami niliiona. Nami niliiona, kila wiki. Niliwahi hata kuweka furushi la magazeti juu ya cherehani hiyo. Mwishowe makao makuu wakaja kuichukua, wakampa mtu mwingine.

Hapo ndipo umati ulipopasuka katikati nikamwona mke wangu. Alikuwa na ukurasa wa nane naye, umekunjwa vizuri mara nne. Alikuwa amemtuma jirani amnunulie, ili nisijue. Amekuja kudai cherehani kwa siri, anishtue.

"Miaka tisa nashona kwa mkono, baba watoto," akasema. Hakupandisha sauti. "Na gazeti umelilalia."

Akageuka kwenda nyumbani. Watu walimpisha. Mimi hawakunipisha.

Wakala akasema nakala za udanganyifu hazihesabiwi. Kona ni ya shemeji kuanzia kesho. Shemeji alitaka kukataa, nasema haki, aliona haya. Wakala akamwambia asipoichukua yeye atapewa mgeni. Akaichukua.

Jioni nimerudi nikakuta sanduku liko nje, karibu na jaa. Mke wangu anashona dirishani, hainui macho. Shemeji akapita, akaomba kwa adabu kama anaweza kuchukua yale magazeti ya zamani atandike meza, maana mbao zake zina misumari. Nikampa yote. Nimemwambia mambo ya vichwa vya habari nimeyaacha. Nimeumia. Sikufikiri ningeumia hivi.

Jumapili, 10 Machi

Nimeamka mtu mpya. Nimepiga moyo konde: cherehani ile nitaitafuta, kwa namna yoyote, na mke wangu atashona kama watu.

Asubuhi nikapita konani kunyoosha miguu. Nikasimama mbele ya meza, mikono nyuma. Kwa jicho la kitaalamu tu. Kamati wakanisogezea nafasi bila neno. Shemeji hajui kazi hata kidogo. Magazeti ameyalaza badala ya kuyasimamisha, makufuli katikati, betri juu ya picha za waheshimiwa. Na habari nzito kuliko zote ameitandika chini kabisa, inachungulia kati ya makufuli mawili: CHEREHANI NUSU BEI UWANJANI JUMAPILI HII.

Nilisoma mara mbili. Jumapili hii! Kufuli kubwa limekaa juu ya tarehe, lakini nani ana haja ya tarehe? Jumapili ni leo.

Shemeji akaniuliza nasoma nini. Nikamwonyesha. Akacheka, akasema shemeji, chukua bure, fungua, soma ndani kwanza. Nikamwambia gazeti likifunguliwa halirudii mkunjo wake, ajifunze kazi. Akataka kusema jambo jingine. Sikumsubiri. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Nikapitia nyumbani. Nikamwambia mke wangu asogeze meza, aache nafasi pale dirishani penye mwanga. Aliinua macho, mara ya kwanza tangu jana. Akaniuliza nimezipata wapi habari hizo. Nikamwambia gazetini. Akaniuliza kama safari hii nimesoma ndani. Nikamwambia nimesoma vya kutosha. Alinitazama, sindano imesimama hewani. Kisha akainuka, akaisogeza meza.

Sasa ni saa nne. Naandika haya nikiwa uwanjani. Jua kali. Hakuna meza, hakuna turubai, hakuna mtu, isipokuwa mbuzi wawili golini. Nimefurahi sana. Nimekuwa wa kwanza kwenye foleni.